Bitiruti za Ijumaa

Kisa chenyewe kilianzia kwa kabeji. Wiki tatu za Kwaresima, kila Ijumaa, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kushona magunia katika Eneo la Viwanda, Thika, walikula kabeji na maharagwe. Ijumaa ya tatu, Bridget, msimamizi wa zamu ya asubuhi, alirudisha sahani yake jikoni ikiwa haijafika hata nusu.

"Auntie Nzilani, hatukatai kuacha nyama," alisema. "Lakini ni nani alisema tule kabeji mpaka Pasaka?"

Nzilani alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Alikuwa amepika katika kantini ile miaka tisa, na hakuwa mtu wa kutulia akiambiwa chakula chake kimechosha watu. Kesho yake alishuka Theta, kwa Wangeci, rafiki yake wa kanisani aliyelima mboga, akamkuta amekaa karibu na rundo la bitiruti alizong'oa asubuhi hiyo. Nzilani alinunua gunia zima. Wiki ile nzima, nyumbani kwake Mwiki, alijaribu hivi na vile jioni baada ya kazi, akionja na kumwaga, akionja na kuongeza chumvi, mpaka vidole vyake vikawa vyekundu kama vya mtu aliyepaka hina.

Alhamisi alimimina lita kumi za yogati kwenye kitambaa cheupe, akafunga pembe zake nne, akakining'iniza ndani ya friji kubwa ya kantini, juu ya sufuria. Maji yalidondoka polepole, na Ijumaa asubuhi kitambaani kulikuwa na kitu kizito, laini, kinachosimama kwenye kijiko bila kumwagika. Yale maji yaliyochujika hakuyatupa. Aliyakandia unga wa chapati.

Bitiruti alizichemsha na maganda yake ili rangi isipotelee majini, kisha akazimenya zingali moto. Nusu alizikwaruza, akazichanganya na ndengu zilizopondwa, vitunguu, binzari na dania, akazifinyanga vidonge bapa na kuvikaanga. Nusu nyingine alizikatakata akazipika kwa tangawizi. Hata majani hakuyaacha. Aliyakaanga kama spinachi. Kila sahani ilipata kijiko kikubwa cha yogati iliyotiwa kitunguu saumu.

"Ngai! Nani amechinjwa hapa?" aliuliza mmoja kwenye foleni, na watu wakacheka.

Lakini walikula. Kyengo, mpakiaji wa magunia, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, alirudi mara ya pili, kisha ya tatu, na alipomaliza alipangusa sahani kwa kipande cha chapati mpaka ikang'aa. Nzilani mwenyewe hakupata nafasi ya kula. Aliweka vidonge viwili na yogati yake kwenye bakuli ndani ya friji, akaenda nyumbani miguu ikimuuma na moyo ukiwa mwepesi.

Jumamosi saa tatu asubuhi, alikuwa akimenya viazi meneja Njau alipoingia jikoni bila kubisha.

"Zima hiyo gesi. Mtu asiguse kitu hapa."

"Kuna nini, bosi?"

"Kyengo anakojoa damu. Na wasichana wawili wa cherehani pia. Nimewatuma zahanati. Ulilisha watu nini jana, Nzilani?"

Nzilani aliweka kisu chini. Alitaja kila kitu alichopika, kimoja kimoja, na kadiri alivyotaja ndivyo sauti yake ilivyozidi kufifia. Alipofika kwenye yogati alinyamaza. Alikumbuka kitambaa. Alikuwa amekifua Jumatano kwa dawa ya madoa, ile kali inayounguza mikono, kisha akakisuuza. Alikuwa na hakika alikisuuza mara moja. Lakini mara ya pili? Alijiona amesimama kwenye karai, amekishika, jirani anamwita langoni. Baada ya hapo hakukumbuka kitu.

"Mbona umenyamaza?" Njau aliuliza.

"Nafikiria."

"Fikiria vizuri. Wakirudi na barua ya daktari kwamba ni chakula, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Alitoka. Nzilani alikaa, akasimama. Alipanga vijiko, akavipangua. Alimpigia Kyengo simu, haikushikwa. Alimpigia tena, na tena. Kupitia dirishani aliwaona wafanyakazi wamesimama vikundi vikundi, wengine wamejishika tumbo ingawa hakuna aliyesema anaumwa. Mmoja alimwona dirishani akageuza uso. Miaka tisa, na mtu anamgeuzia uso.

Hapo ndipo alipofungua friji akalitoa lile bakuli. Alikula kidonge kimoja na yogati yote iliyokuwa juu yake, amesimama, haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa. Kidonge cha pili alikirudisha na yogati yake, kipimwe kama itahitajika.

Bridget alimkuta akilamba kijiko. "Auntie! Unafanya nini?"

"Kama nimewaumiza, na niumie nao. Siwezi kukaa hapa nikingoja kuambiwa."

"Na kama ni sumu kweli?"

"Basi nitajua."

Alikunywa maji vikombe vinne, akaanza kungoja. Alienda chooni saa nne, akaenda saa nne na nusu, akaenda saa tano. Mkojo wake ulikuwa safi, mweupe kama maji aliyokunywa. Kila alipotoka Bridget alimtazama, naye akatikisa kichwa. Ajabu ni kwamba hakupata nafuu yoyote. Kama chakula kilikuwa kizuri, watu wale walikuwa wanatokwa damu kwa sababu gani? Na kama kilikuwa kibaya, mbona yeye hakimgusi? Saa sita ilimkuta akizunguka ua wa kiwanda, kutoka geti hadi stoo, kutoka stoo hadi geti.

Kwenye geti ndipo alipowaona wakirudi. Wale wasichana wawili walikuja mbele, wameziba midomo kwa aibu na kicheko.

"Auntie, ni bitiruti!" mmoja alipaza sauti. "Daktari alituuliza swali moja tu: jana mlikula nini? Tukamwambia. Akacheka mpaka akavua miwani. Ati ni rangi tu. Kwa wengine inatoka na mkojo, kwa wengine haionekani kabisa. Hakuna damu."

Nzilani alishika mlango wa geti. Watu walimiminika kusikia, mara ua mzima ukawa kelele na utani. Njau alikuja, akasikiliza, akajikuna shingo.

"Sawa. Lakini hiyo bitiruti basi, Nzilani. Usinipikie tena."

"Nitapika, bosi," Nzilani alisema, na sauti yake ilimshangaza hata yeye. "Ijumaa ijayo. Na nitawaambia wote kabla hawajakula."

Njau aliwatazama wafanyakazi waliokuwa wakimsubiri, akarudi ofisini.

Ni Kyengo peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amepita nyuma ya watu na kuingia kantini. Nzilani alimfuata, akamkuta ameketi kwenye benchi, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ya kwako pia ni rangi tu, si ndiyo?"

"Ni rangi tu." Aliifungua karatasi, akaikunja tena. "Lakini walipopima mkojo wakakuta sukari. Wakanidunga kidole, iko juu sana. Wanasema labda nimekaa nayo mwaka mzima bila kujua. Nirudi Jumatatu kabla ya kula. Auntie, mimi huwa sigonjeki. Sijui nimwambie aje mke wangu, Mbithe. Babake alikatwa mguu kwa sababu ya hii kitu. Akisikia tu sukari, ataanguka."

Nzilani aliketi kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuhisi haja ya kuinuka. Alimwomba simu, akatafuta jina la mke wake, akapiga.

"Mbithe? Ni Nzilani, wa jikoni kiwandani. Usishtuke, Kyengo yuko hapa na mimi, amekaa, yuko sawa. Ana neno anataka kukuambia. Msikilize mpaka mwisho, eeh?"

Alimrudishia simu, akasimama, akatoka nje na kuufunga mlango wa kantini nyuma yake ili mtu aongee na mke wake.