Zinki Iliyobaki Ndooni

Mjomba wangu tulimwita Gramu, kwa sababu hata chumvi ya mboga angeiweka kwenye mizani kama mkewe asingemnyang'anya kijiko. Kazi yetu ilikuwa kupaka rangi vyuma vinavyokaa nje, na kabla ya rangi yoyote tulitanguliza ya zinki: ndoo ya maji yake maalumu na mfuko wa unga wa kijivu, laini kama wa ngano lakini mzito ajabu. Alinifundisha kwamba kiwandani zinki huchemshwa mpaka iwe mvuke, kisha mvuke hupozwa ghafla ukageuka vumbi.

"Vumbi hili ndilo linaloliwa na kutu badala ya chuma," alisema. "Likipungua, kinaliwa chuma chenyewe. Na ukishachanganya, koroga mpaka tone la mwisho, maana zinki inazama."

Yeye alipima, mimi nilikoroga na kupaka. Siku ya ngazi ya tangi la maji, simu yangu iliita. Alikuwa shoga yangu, na umbea ulikuwa mtamu. Niliuacha mwiko wa kukorogea, nikaendelea kupaka kwa mkono mmoja, simu sikioni. Nilipofika mwisho wa ndoo nikakuta zinki imegandamana chini kama saruji. Ngazi karibu yote nilikuwa nimeipaka maji matupu. Nikaificha ndoo nyuma ya karakana, chini ya mabati mabovu, nikajiambia rangi ya juu itafunika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mvua za kwanza tu, ngazi ikaota kutu, lakini aliyeumbuka hakuwa mimi.

Mwenye tangi alikuja juu. Mjomba alikwangua kutu kwa ukucha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nimepima pungufu," alisema. "Macho haya. Nimesoma mshale vibaya."

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Nilifungua mdomo, nikasema, "Pole, Mjomba."

Kesho yake alinikabidhi mizani, nami nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kisha akaniomba nimwandikie mwenye tangi barua, kwa kuwa hakuyaamini tena macho yake. Yeye alisema, mimi nikaandika, akatia sahihi. Nakala aliiweka kwenye droo nyumbani.

Miezi saba hakukanyaga karakana. Kila nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta mkewe akimsomea mpaka ujumbe wa simu, naye akishuka vidato vya mlango wake kwa kupapasa, mtu anayeona vizuri kabisa. Nilikunywa chai yao nikaona aibu. Niliona aibu, na bado nikaongezewa kikombe nikanywa.

Hatimaye nilibeba ile ndoo na mizani, nikaviweka miguuni pake.

"Mjomba, macho yako ni mazima. Mimi sikukoroga. Nilikuwa kwenye simu."

Aliinyanyua ndoo, akaipima mkononi kidogo.

"Kumi na mbili," alisema. "Ndoo ni kilo moja. Kwa hiyo humu kuna kumi na moja, katika kumi na sita nilizotia."

Akaiweka kwenye mizani, akainama. Mkewe alisogea amsomee, akamzuia kwa kiganja. Mshale ulisimama kwenye kumi na mbili. Aliuona kabla yangu.

Nilisubiri anigombeze. Badala yake alimwomba mkewe ile nakala ya barua. Akaifungua, akaisoma kwa sauti, taratibu, bila kukwama hata neno moja:

"Kosa ni langu peke yangu. Binti wa dada yangu hana hatia, alifanya kazi yake kama nilivyomfundisha. Macho yangu hayafai tena kwa kazi hii."

Akaikunja mara mbili, akanikabidhi.

"Mwandiko wako unasomeka vizuri," alisema.