Mgeni Asiye na Mwenyeji

Naliaka, mwalimu wa Kitale, alivuka mpaka wa Sirari akiwa na likizo fupi na hamu ya kukaa mahali ambapo hakuna mtu angemfuata kumuuzia vinyago vya watalii. Wenzake walimshauri aende mbugani. Yeye akashuka Bunda, akapanda gari la Kibara, akapanga chumba karibu na stendi.

Asubuhi akatoka kutembea. Utulivu wa mji ulimpendeza. Akapiga picha nyumba za matofali, nyavu zilizotandazwa, watoto waliomkenulia meno. Njia ikamfikisha ziwani, penye matete, mbali kidogo na wanawake walioanika dagaa. Hapo akaona mtoto wa kike, hata miaka miwili hajatimiza, amesimama majini hadi magotini, na anazidi kwenda mbele.

Hakufikiri. Aliingia na viatu vyake, akamnyakua, akapanda naye juu. Mtoto alipouona uso asioujua, akaangua kilio.

Wanawake wakageuka. Walichokiona ni mgeni anayeharakisha na mtoto anayelia. Naliaka hajafungua kinywa, tayari amezungukwa. Mmoja akampokonya mtoto. Fundi wa mitumbwi aitwaye Mashimba akamnyang'anya simu, akaanza kupitia picha, na kila alipokuta mtoto aliwaonyesha wenzake.

"Umekuja kwa nani?" akamuuliza.

"Sijakuja kwa mtu. Niko likizo, natembea tu."

Jibu hilo ndilo lililomponza.

"Huku watu wanakujaga kwa mtu," Mashimba alisema taratibu, na duara likazidi kubana.

Naliaka akaeleza habari ya matete na maji. Hakuna aliyemsikiliza. Nyuma mtu alitaka iletwe kamba. Mwingine alikwisha kushika kasia. 

Hapo akafika Hilda, mama wa mtoto, mbio, hana hata kandambili. Alimpapasa mwanawe mwili mzima, mkono ukaishia kwenye gauni lililolowa.  Kisha akamgeukia mgeni.

"Nionyeshe ulipomtoa, dada."

Wakaenda wote, Mashimba kamkamata Naliaka mkono hadi unauma. Kwenye tope, nyayo ndogo zilishuka zenyewe hadi majini. Alama za viatu vya mgeni zilitokea upande mwingine. Na ng'ambo ya matete, kwenye kina, kiatu kimoja cha mwanawe Hilda, alichokuwa anakifuata, kilikuwa kinaelea.

Hilda alikaa palepale kwenye tope, mtoto kifuani. Mashimba akauachia mkono.

Mchana Hilda alimpikia mgeni sato na ugali. Naliaka alinawa, akamega tonge, akalirudisha sahanini. Hilda alichambua samaki miiba, akamsogezea vipande, kama anavyomlisha mwanawe.

Mashimba alifika na simu, akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema mtoto wa dada yake alipotea mwezi huu, na bado wanamtafuta. 

Naliaka alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa tangu ziwani. Akamtazama yule mwanaume, macho mekundu ya mtu asiyelala, akameza maneno yake.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Jilala."

Hilda akasogea kwenye mkeka, akampa Mashimba nafasi ya kukaa.