Akiba ya Pindo

Kila mwanzo wa mwaka, kabla ya kufungua duka, fundi cherehani aliwapima wanaume wawili wa nyumba yao na kuandika vipimo kwa penseli katika daftari la jalada la kijani. Baba yake, fundi alimpimia uani, kwa kuwa mzee hakuenea tena chini ya dari. Fundi alipanda stuli, akashusha utepe kutoka kiunoni, ukaisha kabla ya kisigino. Akatia alama ya chaki, akaanza upya. Inchi sitini na mbili. Mwaka uliopita zilikuwa hamsini na tisa.

Kisha akampima mdogo wake. Thelathini na moja, kutoka thelathini na tatu.

"Nikifika ishirini na tano, dada, naanza kulipa nusu nauli," mdogo wake alisema, huku akiingiza miguu katika buti alizozijaza matambara.

Hapakuwa na cha ajabu. Wazee wa kizazi cha baba ndio waliojenga mnara wa maji, watu arobaini, miezi kumi, bila mashine. Kila waliposifiwa waliongezeka kidogo, na kila watoto wao walipolinganishwa nao walipungua kidogo. Mji ulikuwa umezoea. Waashi waliinua milango ya wazee, na muuza viatu aliwauzia watu wenye mvi saizi za watoto bila kuuliza ni za nani. Fundi mwenyewe alikuwa hajapungua sana, maana hakuna aliyewahi kulinganisha suruali na mnara.

Mdogo wake ndiye aliyeutunza huo mnara. Kwa miaka ishirini na miwili alipanda ngazi yake kila asubuhi na ndoo ya saruji na mwiko, akashuka adhuhuri akiwa mweupe kwa vumbi. Alichofanya huko juu hakukisema. Mezani baba alisema kwa niaba yake.

"Sisi tulijenga. Nyinyi mnakaza nati."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayeomba chumvi. Watu wakamwita mwanawe Nati. Fundi, ambaye jicho lake lilizoea vitambaa, aliona mikono ya shati la mdogo wake ikifunika viganja kabla hajamaliza kunawa.

Marehemu mama yao alimfundisha kwamba anayemshonea mtu anayekua hukunja inchi mbili ndani ya pindo, akiba ya mwakani. Wateja walimwambia kwamba kwa mwanamume wa miaka arobaini na sita anayepungua, akiba hiyo ni uzito tu miguuni. Fundi alikubali kwamba ni kweli, na akaendelea kuikunja.

Baba alifariki wakati wa kiangazi. Wazungumzaji walikuwa tisa. Jeneza lilirefuka wakati wa hotuba, na wachimba kaburi wakaomba subira mara mbili. Wa mwisho alisema watu kama wale hawatapatikana tena. Hadi dua inakwisha, Nati alikuwa amepoteza inchi nne, na ikabidi dada yake amshike mkono ili asipotee kati ya miguu ya watu.

Siku ya saba, jua likitua, baba aliingia dukani na suruali yake begani. Alikuwa na kimo cha mtu wa kawaida, pengine mfupi kidogo.

"Nipunguzie hii, mwanangu. Huko wanatupima upya."

Fundi alimpima. Thelathini na tisa. Akaandika.

"Na babu?"

"Tumesimamishwa bega kwa bega. Thelathini na tisa." Baba aliketi kwenye kiti cha wateja. Kisha akaeleza kwamba wiki ya mwisho ya ujenzi saruji iliwaishia, na siku ya ufunguzi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Wakazidisha mchanga, upande wa kaskazini. Wote arobaini walijua. Kwa miaka yote hiyo alilala akisikiliza kama mnara utaanguka.

"Leo asubuhi nimempita mdogo wako kule juu mnarani, akiziba ufa upande wa kaskazini. Kiraka juu ya kiraka. Sikuweza kuvihesabu."

"Kamwambie mwenyewe, baba."

"Nimemwambia. Amedhani ni upepo, akashika kofia."

Fundi alikata miguu ya suruali, akakunja mapindo, akampa; vipande vilivyokatwa akavitia sandukuni. Asubuhi yake alikwenda halmashauri kuomba jambo hilo liandikwe. Karani wa kumbukumbu alimpokea kwa heshima, wala hakutilia shaka habari ya baba. Mama yake karani, naye marehemu, humtembelea kila Alhamisi. Tatizo, alisema, ni kwamba ushahidi wa marehemu hupokelewa kabla ya mazishi, na jiwe la ukumbusho wa kizazi kikuu kilichojenga mnara limekwisha kuchongwa, halina nafasi hata ya nukta. Fundi akaomba basi jina la mdogo wake liandikwe popote, angalau kama mtunza mnara. Karani alipekua faili. Nafasi hiyo, alisema, itafungwa Nati akistaafu. Mnara wa watu kama wale hauhitaji kuzibwa.

Jioni alimweleza mdogo wake yote. Nati alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini.

"Alisema hivyo? Kiraka juu ya kiraka?"

"Alisema hivyo."

"Hebu rudia."

Akarudia. Nati aligeukia ukutani. Baadaye akamwomba asiwaambie watu habari ya ufa, wataogopa maji. Kesho yake fundi alimpima, akitumaini. Hakuwa ameongezeka hata uzi.

Jiwe likazinduliwa. Kufikia mwanzo wa mwaka, kipimo cha Nati kilikuwa inchi kumi na tisa. Katika ngazi ya mnara alikuwa ameongeza vipago kati ya vipago, na ndoo yake sasa ilikuwa kopo la rangi. Alipanda alfajiri ili afike juu kabla ya jua kali.

Fundi alitoa sandukuni vile vipande viwili vya suruali ya baba. Kila kimoja kilikuwa na inchi ishirini na tatu, kitambaa kizuri, bado imara. Akahesabu: kumi na tisa za mguu, mbili za kiuno. Zikabaki mbili.

Akazikunja ndani ya pindo, akazishikiza kwa mkono, mishono mirefu, ya kufumuka kwa urahisi.