Aliyebebwa na Aliyeachwa

Jokébed alitoka hospitalini Butembo bila mkono wa kuume. Panga la waasi lilimkuta shambani kwao, kwenye kakao, upande wa Beni. Asubuhi ile waliposikia mayowe ya majirani, mumewe Lusenge alimpandisha mtoto wao Falonne mgongoni, wakakimbia. Jokébed aliteleza akaanguka, akamwita. Lusenge aligeuka, akamwona pale chini, kisha akaendelea kukimbia.

Kule kugeuka kulimuuma Jokébed kuliko kidonda.

Walipata chumba Bulengera, kwenye kiwanja cha wapangaji wengi. Lusenge alibeba mifuko ya makaa sokoni, na akirudi alipika, akafua, akamwogesha mkewe na kumfunga kikwembe. Maneno alikuwa nayo Jokébed, tele.

"Kaza muzuri," alimwambia kwa sauti ya kufika mpaka uani. "Ao unajuaka tu kukaza mwendo?"

Akamwita Mwenye Mbio. Wanawake wa bombani wakalidaka jina hilo, wakacheka, naye akacheka pamoja nao, maana tangu siku ile hakuwa na raha nyingine.

Falonne, mtoto wa miaka sita, alipouliza mkono wa mama umekwenda wapi, Jokébed hakusita.

"Uliza baba yako. Yeye njo alinitupa."

Tangu hapo mtoto akakataa chakula cha baba yake. Lusenge alisogeza sahani ya maharagi, Falonne akaipindua. Baba akapiga magoti, akaokota punje moja moja, na Jokébed akamtazama mpaka akamaliza.

Mvua zilipozidi, Falonne alishikwa na malaria. Mwili ukawaka, akaanza kuweweseka. Kilima kilikuwa tope tupu, hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kupanda. Lusenge akainama ambebe mgongoni. Mtoto akapiga yowe, akamkwaruza shavu.

"Hapana unibebe! Beba mama! Ile siku ulinibeba mimi, njo bakamukata mama!"

Lusenge akabaki vile vile, ameinama. Miezi yote hiyo Jokébed alimrushia mumewe mawe, na kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akipigwa.

"Falonne, sikia," alisema. "Ni mimi nilimuambia. Nilisema: beba mutoto, kimbia."

Ulikuwa uongo, na ulimtoka kwa shida, kama mfupa uliokwama kooni.

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa. Panda sasa."

Falonne akapanda.

Kwenye kituo cha afya mtoto alitundikiwa serumu, nao wakaambiwa wangoje nje, kwenye benchi. Lusenge akaanza kulia, damu ya shavuni ikichanganyika na machozi.

"Aksanti, mama Falonne."

"Hapana unishukuru. Nimesema vile juu ya mutoto. Wewe unajua, na mimi najua."

"Ndiyo."

"Na utaijua mpaka utakufa."

"Ndiyo."

Alitaka kumsogelea. Jokébed akamwonyesha kwa kidevu abaki mwisho wa benchi, akabaki. Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake, wakisikiliza mvua juu ya mabati, mpaka muuguzi alipotokea mlangoni na kusema mtoto ameamka, anataka kula. Lusenge akanyanyuka haraka, akasita, akamtazama mkewe.

"Enda," Jokébed alimwambia. "Umulishe. Akikataa, uniite."

Lusenge hakumwita.