Ua la Njano Usoni pa Ndanu

Katika picha zote za shule ile, Ndanu alikuwa na ua badala ya uso. Ua la njano la kwenye simu, lile unalolikuta kati ya vile vikatuni vya kucheka na kulia. Gredi ya tisa wakipanda miti, ua lipo. Wakipokea mipira kutoka kwa mfadhili, ua lipo katikati ya mstari, na chini yake imetokeza kola ya sweta ya kijani. Wenzake walimwita Maua. Alikuwa amezoea, na mara nyingine alicheka nao.

Aliyekuwa akilibandika ni Mwalimu Titus, mwalimu wa darasa lake. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu nzuri kuliko wote, walimtwika pia kompyuta ya ofisi, vishikwambi na ukurasa wa shule mtandaoni. Sasa, kuna watu wanaokwenda semina Machakos mjini na kitu wanachorudi nacho ni begi la bure na habari za kuku waliokula. Titus alikwenda ile ya kulinda habari za wanafunzi, na kumbe yeye alikuwa anasikiliza. Alirudi akabadilisha nywila ya kompyuta, ambayo ilikuwa jina la shule lenyewe. Akakataa kurusha alama za watoto kwenye kikundi cha wazazi, na wazazi wakanuna, eti sasa watajuaje mtoto wa jirani amepata nini. Kamanthe, mama yake Ndanu, hakuwahi kuona mwalimu wa namna hiyo. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, maana hana wa kumlaumu.

Kamanthe alikuja Katangi, ilipo shule hiyo, akitoroka. Mumewe, Kimeu, alikuwa mtu wa kusifiwa kule Ekalakala, mcheshi sokoni, mkarimu kanisani, na nyumbani alikuwa anapiga. Alimpiga Kamanthe miaka yote na Kamanthe akavumilia, kama tunavyofundishwa kuvumilia upuuzi. Halafu siku moja Ndanu akajitia katikati, na Kimeu akamvunja mtoto mfupa wa bega. Hospitali waliambiwa ameanguka kisimani. Kimeu mwenyewe ndiye aliyelieleza hilo, kwa masikitiko mengi. Usiku huo alimwambia mkewe kwamba akithubutu kuondoka na mtoto, atawatafuta, na akimpata Ndanu, Kamanthe hatamwona tena. Hakupaza sauti, na ndiyo sababu Kamanthe alimwamini.

Kwa hiyo siku ya kumwandikisha mtoto, Kamanthe, ambaye alikuwa amepata kazi ya kupika chapati kwenye hoteli moja pale sokoni, alimvuta Titus kando akamweleza yote.

"Mwalimu, niko na ombi moja tu," alimwambia. "Huyu mtoto asionekane."

Titus hakuuliza mengi. Alimwandika kwa jina la ukoo wa mama, na tangu siku hiyo ua likaanza.

Na Ndanu akastawi. Usinielewe vibaya, hakuwa mtoto wa miujiza. Hesabu ilimtoa jasho. Lakini alikuwa amenuia kufanya mtihani wa gredi ya tisa, aende sekondari ya bweni, mbali, yenye ukuta na mlinzi, na huko asome sayansi. Alikuwa ameipanga safari hiyo kichwani kama mtu anayejua mizigo yake yote. Mama yake alimsikia akiongea usingizini kuhusu asidi na chumvi, akafurahi sana. Mtihani huo ndio uliokuwa mlango wao wa pekee, na wote wawili walijua.

Ijumaa kabla ya mtihani ikawa siku ya maombi. Shule zetu hazipeleki watahiniwa kwenye mtihani bila maombi, bora hata wakose kalamu. Mchungaji huwaita mmoja mmoja mbele, na mzazi huja kusimama na mtoto wake. Mzazi husema jina la mtoto, humwombea, kisha humtemea mate kidogo viganjani kama wazee walivyokuwa wakibariki, na mchungaji hutazama pembeni, ajifanye hakuona. Mwaka huu Madam Mbula, mwalimu mkuu, alitaka sherehe irushwe mtandaoni moja kwa moja. Wazazi walioko Nairobi na Saudia walikuwa wameomba. Tena shule ya jirani ilirusha yao mwaka jana, na yeye hangekubali kuachwa nyuma.

Titus alimwendea Kamanthe mapema. Walipatana kila kitu. Simu ingefungwa kwenye kigingi itazame jukwaa tu. Jina la Ndanu halingekuwa kati ya majina atakayopewa mchungaji. Mtoto angekaa nyuma na mama yake angekaa nyuma zaidi, amejitanda leso, na baraka wangezifanyia nyumbani. Mpango safi kabisa, na Kamanthe alimshukuru mpaka Titus akaona haya.

Majina yakaitwa, akina mama wakalia, mate yakatemwa. Karibu na mwisho kipaza sauti kikaanza kukoroma, na Titus akatoka nje kuangalia jenereta. Mchungaji alipomaliza majina yake akauliza, kwa wema tu, kama kuna mtahiniwa aliyesahaulika.

"Maua!" wakaitika wasichana wa gredi ya tisa. "Maua hajaombewa!"

Walimpenda, ndiyo shida. Hawakuweza kumwacha rafiki yao aingie kwenye mtihani bila maombi. Wakamsukuma Ndanu mbele huku akikataa kwa kichwa, wakadhani ni aibu, wakazidi kumsukuma mpaka akajikuta jukwaani peke yake, mikono imelegea ubavuni.

Mchungaji akauliza mzazi wa mtoto huyu yuko wapi. Kamanthe akashika benchi kwa mikono yote miwili. Akina mama wakaanza kunong'ona kwamba maskini, kumbe ni yatima. Mchungaji akasema basi, kama hana mzazi, kanisa ni mzazi wake, na mama yeyote mwenye moyo asimame kwa niaba. Mwanamke mmoja wa viti vya mbele, mtu mwema tu asiyejua lolote, akaweka mkoba chini na kuanza kunyanyuka.

Kamanthe aliweza kuvumilia ngumi. Aliweza kulala chini na kula mabaki ya hoteli. Lakini kukaa kwenye benchi na kutazama mwanamke mwingine akimtemea mtoto wake baraka, kana kwamba yeye amekufa, hilo lilimshinda. Kabla hajafikiri alikuwa tayari njiani, leso imemwanguka mabegani, watu wanampisha. Akapewa kipaza sauti, ambacho saa hiyo kilikuwa kimepona vizuri kabisa.

"Huyu ni Ndanu," alisema. "Ni mtoto yangu, mimi Kamanthe. Ngai, Mungu wangu, mpatie yote mimi nilikosa."

Akamtemea viganjani, Ndanu akavifumba viganja vyake akavibana kifuani, na watu wote wakalia. Yalikuwa ndiyo maombi mazuri kuliko yote ya siku hiyo. Simu ilikuwa pale pale ilipofungwa, ikitazama jukwaa.

Titus aliingia akaona, akaenda moja kwa moja akaing'oa simu kwenye kigingi chake. Alifuta video hapo hapo, mbele ya Madam Mbula aliyekuwa anauliza kwani kuna nini. Lakini kabla ya kufuta alisoma walichoandika watazamaji, na baadaye, nyuma ya darasa, alimwambia Kamanthe, maana alimwona anastahili kujua. Wa kwanza alikuwa Mwelu, rafiki yake wa kwaya kule Ekalakala, aliyekuwa amemlilia akidhani amekufa. Alikuwa ameandika kwa furaha ya kweli: si huyu ni Kamanthe wetu, watu wa Katangi Mungu awabariki kwa kututunzia, Kimeu njoo uone familia yako inavyopendeza. Na mioyo myekundu imejaa. Chini yake Kimeu alikuwa ameshajibu.

"Alisema nini?" Kamanthe akauliza.

Titus alitazama chini. "Aliandika, asante dada, nimewaona."

Madam Mbula alipoelezwa alilia machozi ya kweli, na machozi hayakusaidia kitu. Mtihani ungeanza Jumatatu. Ndanu alikuwa amesajiliwa pale, karatasi zake zingeletwa pale, na kumhamisha sasa hakuna aliyeweza. Polisi walimsikiliza Kamanthe kwa heshima wakamwambia mtu huyo akija na kufanya kitu, awaite. Titus alisema wakalale kwa mama yake yeye, naye atamsindikiza mtoto shuleni asubuhi na kumrudisha jioni mpaka mtihani uishe. Alisema kwa moyo wote. Ndanu akamshika mama yake mkono.

"Mwaitu, mama, nifanye tu," alimwomba. "Nifanye, halafu twende popote unataka."

Na Kamanthe akakubali. Ndiyo, alikubali, usidhani hakujaribu. Alifua sweta ya kijani akaianika.

Jumamosi mtu akapiga namba ya shule, ile iliyoandikwa juu ya ukurasa ili wazazi wasipate taabu. Madam Mbula alisema alikuwa na sauti ya upole, mwenye adabu sana, alimwita mwalimu kila mara. Alitaka kujua tu kama kina baba wanaruhusiwa kuwaletea watoto kadi za kuwatakia heri ya mtihani, na je, Jumatatu watatoka saa ngapi, na je, lango ni hilo moja. Madam Mbula hakumjibu, akakata simu na kukimbia mwenyewe hadi hotelini, mtu mzima na viatu vyake vya ofisi, kumwambia Kamanthe.

Kamanthe akaianua sweta ikiwa bado mbichi. Ndanu alipoona inakunjwa alielewa. Alikaa kitandani akalia bila sauti, na mama yake akaendelea kukunja.

Sasa wako Kyumbi, pale magari yanapokata kuingia Machakos, wanauza machungwa. Kamanthe alijaribu shule moja. Karani alikuwa mchangamfu, akaomba namba ya mwanafunzi, akaiingiza kwenye kompyuta, na pale pale akageuza kioo awaonyeshe jinsi kazi ilivyokuwa rahisi siku hizi: jina la mtoto, la mama, shule aliyotoka, mwaka aliozaliwa, kila kitu kimetokea. Akasema abonyeze tu kitufe, na shule ya zamani itajua mtoto yuko hapa. Kamanthe alimwomba asibonyeze. Aliondoka na mtoto wake, na hajajaribu nyingine.

Wiki iliyopita alifungua ukurasa wa shule ya Katangi. Hajui kwa nini, labda alitaka kuona kama bado upo. Kulikuwa na picha ya gredi ya tisa baada ya mtihani, wamepangwa mbele ya darasa, Titus amesimama pembeni bila tabasamu. Kamanthe akaikuza. Akapitisha kidole mstari hadi mstari akitafuta ua la njano, kwa mazoea tu, mpaka alipofika mwisho akakumbuka. Nyuso zote zilikuwa wazi. Hapakuwa na wa kufichwa.

Ndanu alikuwa ameinama begani kwake, anatazama pia. Aligusa pale katikati, alipokuwa akisimama siku zote, kati ya wale wasichana wawili waliomsukuma mbele.

"Wamesongeana," akasema. "Huwezi hata kujua."

Gari likapunguza mwendo upande wa pili wa barabara. Ndanu akachukua beseni lake la machungwa akakimbia nalo, na wenye gari wakapandisha kioo.