Papiro la Ludovica

Golnaz, binti kutoka Iran, aliishi Padova, Italia, mwaka wa tatu sasa, katika nyumba ya wanafunzi wanne karibu na mfereji, na mtu aliyemwamini kuliko wote humo ndani alikuwa Ludovica. Ndiye aliyemfundisha kupika wali wa Kiitaliano bila kuugeuza uji, ndiye aliyekwenda naye polisi kupanga foleni ya kibali cha ukaazi, na ndiye aliyemwambia siku ya kwanza, "Wewe ni dada yangu, sikia. Mwanangu mmoja nitamwita Golnaz." Wote wawili walisoma historia chini ya profesa mmoja.

Majira yote ya baridi Golnaz alikuwa akitembea vijijini nje ya mji, akitafuta vinu vya maji vya zamani kwa ajili ya tasnifu yake. Kinu kimoja hakikuwa kwenye ramani yoyote. Alionyeshwa na Mzee Tullio, msaga nafaka wa mwisho wa ukoo wake, ambaye vidole vitatu vya mkono wa kushoto viliachwa kwenye gia za kinu hicho hicho. Juu ya mlango palikuwa na jiwe lililochongwa jina la mwanamke, mwenye kinu, miaka mia nne iliyopita. Golnaz alikwenda kwa mzee huyo mara kumi na moja. Alikunywa supu yake ya maharage, akajifunza lahaja yake, akajaza madaftari mawili.

Kisha akamwomba Ludovica amsahihishie Kiitaliano.

"Lete, shoga yangu," alisema Ludovica. "Wiki moja tu."

Wiki moja ikawa tano. Golnaz alipokwenda kwa profesa na sura yake ya kwanza, profesa alivua miwani. "Binti, mada hii Ludovica ameshaisajili. Kinu, jiwe, vyote."

"Profesa, hayo ni yangu! Nilimpa anisahihishie."

"Ludovica ni msichana makini," alisema profesa kwa upole. "Pengine mlijadiliana, nawe ukamwelewa vibaya. Lugha ni kitu kigumu."

Golnaz aliichukua sura yake mezani kwa profesa. Alirudi nyumbani, akamkuta Ludovica anapaka kucha rangi mezani.

"Umeniibia."

Ludovica alicheka. "Nimekuibia nini? Nimekiandika kwa Kiitaliano kinachosomeka. Wewe tafuta kinu kingine, vimejaa tele."

Golnaz hakupiga kelele. Mama yake huko Rasht alikuwa na msemo: mwenye kutaka kung'oa mti hautikisi kwanza. Alibadilisha mada, akapoteza miezi sita, akaomba upya kibali cha ukaazi, na akaendelea kumwambia Ludovica habari za asubuhi kila siku.

Ludovica alihitimu mwezi wa Novemba. Padova kuna desturi: aliyehitimu hutundikiwa ukutani papiro, bango refu lenye katuni yake na mashairi ya aibu zake zote, naye hulisoma kwa sauti barabarani, mbele ya wazazi na wapita njia, huku marafiki wakimrushia mayai na unga. Akikosea, anakunywa mvinyo. Akikataa kusoma, anakunywa mara mbili na anasoma vile vile.

Davide, mwenzao wa nyumba, ndiye aliyesimamia maandalizi. "Golnaz, wewe una mkono wa kuchora. Utatuchorea?"

"Nitachora," alisema Golnaz, "na mashairi nitaandika mimi."

"Hujamkasirikia tena?"

"Nimkasirikie kwa lipi?"

Davide alipitia beti kumi na mbili za mwanzo, akacheka mpaka akakaa chini. Beti tatu za mwisho Golnaz alizibandika asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kumpigia simu Mzee Tullio na kumweleza atashuka kituo gani cha basi.

Saa sita mchana Ludovica alitoka chuoni na taji la majani kichwani. Wakamvalisha gunia na mabawa ya kuku, wakamsimamisha mbele ya ukuta. Mama yake alikuwa akipiga picha. Nyanya yake alikalishwa kwenye kiti cha mkahawa wa jirani. Profesa naye alisimama kidogo njiani, mkoba mkononi, anatabasamu.

Ludovica alisoma vizuri. Alisoma habari za mchumba wa Verona, za mtihani aliofeli mara nne, za kunguni wa Barcelona. Watu waliimba, mayai yalipasuka. Kisha akafika chini, na sauti ikapungua.

"Soma!" walipiga kelele. "Kunywa! Soma!"

Akanywa. Akasoma:

"Kinu wasema ni chako,
mlangowe uko wapi?
Supu ya mwenyeji wako,
uliinywa siku ipi?"

"Endelea!" Davide alipayuka, akidhani ni mzaha. Ubeti wa pili ulimtaka aseme mzee wa kinu ana vidole vingapi mkono wa kushoto. Wa tatu ulisema mzee mwenyewe yupo hapa, amsalimie kwa jina.

Ludovica alitazama umati. Wazee walikuwa wanne au watano. Alijaribu kucheka. "Nani... nani ameandika huu upuuzi?"

"Mimi," alisema Golnaz. "Msalimie tu, mwenzangu. Kwenye tasnifu umemshukuru kwa ukarimu wake."

Unga ulikuwa ukimdondoka Ludovica usoni. Alimwendea mzee mmoja mwenye kofia, akampa mkono. Alikuwa babu wa Davide.

Hapo Mzee Tullio akasogea mbele, polepole, akiinua ule mkono wenye vidole viwili. "Mimi huyu simjui," alisema kwa lahaja yake. "Aliyekunywa supu kwangu ni yule Muajemi."

Tabasamu la profesa lilikuwa limekwisha.

"Yale madaftari unayo bado?" alimwuliza Golnaz.

"Ninayo. Na nilielewa vizuri sana, profesa. Tangu siku ile."

Profesa aliinamisha kichwa. "Niletee kesho."

Tasnifu ile iliitwa tena mbele ya jopo, na kabla ya Pasaka shahada ya Ludovica ikafutwa. Golnaz alirudishiwa mada yake. Davide hakusema naye tena. Aliwaambia wenzao siku ya mtu ni siku ya mtu, haiharibiwi, na nyanya yake Ludovica alilia pale kwenye kiti kama mtoto.

Aliyekuja kuchukua nguo za Ludovica ni mama yake. Alifunga masanduku, akasimama mlangoni. "Ulishindwa kumwambia humu ndani, mwanangu? Mkiwa wawili?"

"Nilimwambia humu ndani, mama," alisema Golnaz. "Kwenye meza hii hapa. Akacheka."

Mama yule alisubiri, labda kusikia neno la pole. Golnaz alimshikia mlango mpaka masanduku yote yakatoka.