Mguu Uliotangulia Kaburini

Mguu wa kulia wa mume wangu ulitangulia kaburini, na hata huko haukutuacha tupumzike.

Kisukari ndicho kilichouharibu, mpaka madaktari wa Tabora wakaukata juu ya goti. Hospitali walitaka kuuteketeza. Ukoo wa Gerson ukakataa: mtu wa kwetu hachomwi moto, hata kipande. Benjamini, mdogo wake, mwinjilisti wa Moraviani, ndiye aliyeuleta kijijini kwetu, jirani na Tura. Sasa jeneza la mguu utalipata wapi? Ukimwambia fundi achonge dogo, majirani watadhani amekufa mtoto. Benjamini akachukua mzinga wa gome wa Gerson mwenyewe, ambao nyuki waliukataa, akautia humo mguu ukiwa umeviringishwa shuka. Akauzika kando ya kaburi la baba yao na kuuombea. Mimi nilikuwa bado wodini na mgonjwa.

Tuliporudi nyumbani, Gerson akaanza kusema mguu unamuuma. Nikadhani ni kidonda. Hapana, akasema, ni mguu wenyewe: goti limekunjwa na vidole vimebanwa. Akawa halali, usiku wala mchana. Kidonda nacho kikagoma kufunga, na daktari akatuonya kwamba kisipofunga watakata tena, juu zaidi. Nilirudi na maneno hayo nimekasirika. Juu ya paja kuna nini tena, kama si mume mwenyewe?

Nilimweleza Gerson alivyotueleza daktari, kwamba kichwa hakijapata habari kuwa mguu umeondoka. Akaniuliza kichwa gani hicho kisicho na habari, na msiba wenyewe ulitangazwa mpaka kanisani. Benjamini akaja na yake. Mwili ni nguo, alisema, na roho ndiyo inayovaa. Nguo ukishaivua haiwezi kukuuma. Walibishana hivyo siku nyingi, mmoja kitandani, mwingine kwenye kigoda, na chai yangu ikapoa mbele yao. Mimi niliona wote wawili wanapiga soga tu. Mguu haupo, nilisema, na kisichopo hakiumi.

Gerson akatutazama kwa zamu.

"Roho yangu haiumwi, Benjamini. Kichwa changu hakina habari, Magreth. Haya, niambieni, huyu anayelia ni nani?"



Kisha akambana mdogo wake kuhusu mzinga. Benjamini akakiri kwamba ulikuwa mfupi kidogo, na kwa jinsi alivyokuwa amechanganyikiwa siku ile, hakumbuki kama aliukunja mguu au hakuukunja. Basi ikawa hiyo. Gerson akataka ufukuliwe, unyooshwe. Tulimkatalia, mpaka asubuhi moja nikamkuta mlangoni, amejiburuta chini na jembe mkononi, bandeji imelowa damu. Nikamnyang'anya jembe, nikampelekea Benjamini.

Tulifukua asubuhi hiyo hiyo. Mwinjilisti alichimba huku akitazama njiani, asije muumini akamkuta anafukua kaburi. Tulipozibua mzinga na kuivuta shuka, mguu ulikuwa umenyooka. Mzinga ulikuwa umeutosha. Ndani ya shuka niliona umbo lake, lile lile lililolala kando yangu tangu nilipoolewa, na kisigino chake ambacho kila kiangazi nilikilalamikia kwa kunikwaruza. Nililia, wala sikuwa nimepanga kulia.

"Shemeji," Benjamini akasema taratibu, "tumwambie ulikuwa umekunjwa, tukaunyoosha. Mungu ataelewa."

"Na ukimuuma tena kesho, tutafukua nini?"

Tukafukia.

Nilimwambia Gerson ukweli wote. Nilitegemea atanibishia, maana kubisha ndiko kulikombakizia nguvu. Hakubisha. Aligeukia ukutani akasema basi ni wazimu, na kama ni wazimu wamkate tu wanapotaka, hata shingoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona hivyo, na hasira yangu yote ikaniishia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unauma wapi?"

Alinyoosha kidole bila kugeuka. Palikuwa na shuka tupu. Nikajipaka mafuta viganjani, kama nilivyokuwa nikifanya zamani akirudi kutoka porini kurina asali, nikaanza kukanda pale.

"Chini kidogo," alisema.

Nikashuka.

"Hapo. Hapo hapo."

Nilikanda ule unyayo, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka pumzi zake zikatulia akaanza kukoroma. Mikono yangu niliiondoa polepole nisimwamshe. Kisha nikachukua mto, nikauweka chini ya mguu wake ule.